Ubani na Aina Zake: Historia ya Jina, Nchi na Madaraja

Neno ubani si geni kwa wasomaji wetu walio walimu na wachungaji. Hulikuta katika Torati, penye sheria za sadaka. Hulikuta msibani, mtu anapotoa ubani kwa wafiwa. Hulikuta tena sokoni Mombasa au Unguja, ambako mwenye duka humwonyesha mnunuzi magunia matatu au manne, yote ubani kwa jina, lakini kila moja lina rangi yake, harufu yake na bei yake. Mnunuzi akiuliza, Ubani wa kweli ni upi? muuzaji humjibu kwamba wote ni ubani. Na jibu hilo si uongo, walakini halitoshi.

Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba neno hili moja lafunika vitu mbalimbali, vya miti mbalimbali na vya nchi mbalimbali. Na kwamba watu wa kale walikwisha kutambua jambo hili, wakaweka madaraja na njia za kupima ambazo zafaa hata leo. Mwenye kujua mambo haya hatadanganywa sokoni, wala hatachanganya maana mbili anapofundisha Maandiko.

I. JINA

Ubani ni neno la Kiarabu, luban. Shina lake ni herufi tatu, l, b na n, ambazo katika lugha za Kisemiti zina maana ya weupe. Ndilo shina la laban, yaani maziwa. Waebrania waliuita ubani lebona, Wayunani wakaupokea kwa jina la libanos, na Walatini wa zama za kati wakasema olibanum. Basi kutoka Yerusalemu hata Roma, na kutoka Dhufari hata Lamu, watu wameuita ubani kwa jina moja, na jina hilo lataja weupe wake.

Jinsi luban ilivyogeuka ubani katika Kiswahili yafaa kuangaliwa na wapendao lugha. Yaelekea kwamba masikio ya watu wa pwani yaliisikia lu- ya mwanzo kama kiambishi cha ngeli, kile ambacho katika lugha nyingi za Kibantu husemwa lu- na katika Kiswahili husemwa u-. Kama vile wengine wasemavyo lulimi nasi twasema ulimi. Hatusemi kwamba hiyo ni kanuni isiyovunjwa, maana neno lugha, ambalo nalo ni la Kiarabu, limeishika lu- yake mpaka leo.

Pamoja na ubani liko neno uvumba. Hili kwa sura yake ni la Kibantu, nalo laweza kulinganishwa na vumba, yaani harufu kali kama ile ya samaki. Uvumba ni jina pana: ni kitu chochote kinachofukizwa ili kitoe harufu njema, hasa mchanganyiko uliotengenezwa kwa vitu vingi. Ubani ni jina la kitu kimoja, utomvu mkavu wa mti. Ubani waweza kuwa uvumba, bali si kila uvumba ni ubani.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Katika Kutoka 30 Musa aamriwa kutengeneza uvumba wa vitu vinne vyenye kipimo kimoja, na kimoja cha hivyo vinne ni ubani safi. Uvumba huo ulikatazwa kutengenezwa kwa matumizi ya mtu binafsi. Lakini katika Walawi 2 ubani peke yake, bila kuchanganywa, huwekwa juu ya sadaka ya unga. Na katika Walawi 5 maskini aletaye unga kwa ajili ya dhambi huamriwa asitie mafuta wala ubani. Asiyetenga maneno haya mawili hataielewa sheria hiyo.

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 waliijua tofauti hiyo. Katika Ufunuo 18:13, ambapo Kiyunani chataja vitu vyote viwili katika orodha moja ya biashara, wameandika uvumba kwa kile cha kuchanganywa, na ubani kwa libanos. Walakini katika Mathayo 2:11, ambapo Kiyunani chasema libanos vilevile, wameandika dhahabu na uvumba na manemane. Na katika Isaya 60:6, penye lebona ya Kiebrania, wameandika uvumba pia. Biblia ya Habari Njema, iliyofuata baadaye, imeandika ubani katika Mathayo. Twaona kwamba hilo ndilo karibu zaidi na asili. Maana mamajusi hawakuleta mchanganyiko wa hekalu, bali bidhaa ya thamani iliyouzwa kwa mizani, kama dhahabu na manemane zilivyouzwa.

Maana ya tatu ya ubani ni ile ya matanga. Bara na pwani watu husema kutoa ubani, nao hutoa fedha. Yaelekea kwamba hapo kwanza ilikuwa fedha ya kununulia ubani wa kufukiza nyumba ya msiba, kisha jina la kitu likahamia kwenye fedha yenyewe. Watu wengi watoao ubani siku hizi hawajapata kuona hata punje moja ya ubani.

II. NCHI ZA UBANI KATIKA VITABU VYA KALE

Ubani haukuwa mmea wa pwani yetu. Uliletwa kwa vyombo. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, chaeleza safari ya kutoka Misri hata Azania, yaani pwani yetu, na mji wa biashara wa Rhapta. Katika bidhaa za Rhapta chataja pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa, ubani hakiutaji. Ubani chautaja mahali pawili. Kwanza ni pwani ya Wasomali, karibu na Rasi ya Manukato, ambako ubani wake uliitwa wa ng'ambo. Pili ni Arabuni ya kusini, ambako ubani wote ulikusanywa katika bandari ya Kane, ukija kwa ngamia na kwa mashua zilizoelea juu ya viriba vilivyojazwa hewa. Chasema pia kwamba waliougema huko Arabuni walikuwa watumwa wa mfalme na watu waliopelekwa kwa adhabu, kwa kuwa nchi ile ilikuwa na maradhi ya kuua. Hivyo sadaka iliyopanda kwa harufu nzuri katika mahekalu ya Roma ilitoka katika mikono ya watu waliofungwa. Neno hili mwalimu wa historia asilisahau.

Basi tangu karne ile wafanyabiashara walitambua aina mbili kwa nchi zake: wa Arabuni na wa ng'ambo. Mgawanyo huo haujafutika hata leo.

Mtu wa Roma aitwaye Pliny, aliyekufa mwaka 79, ameandika mengi zaidi. Asema kwamba mavuno yalikuwa mawili: ya kwanza yaliyokusanywa wakati wa kupukutika majani, nayo yalikuwa meupe na safi, na ya pili yaliyokusanywa masika ya kwao, nayo yalikuwa mekundu wala hayakulingana na yale ya kwanza. Ataja bei tatu za ratili moja katika Roma: dinari 6 kwa ubani bora, dinari 5 kwa wa pili, na dinari 3 kwa wa tatu. Asema tena kwamba njia ya ngamia kutoka Arabuni ya kusini hata Gaza ilikuwa na vituo 65, na kila kituo kilitaka malipo ya maji, ya majani, ya kulala na ya ushuru, hata gharama ya ngamia mmoja ikafika dinari 688 kabla ya kuiona bahari ya Mediterania. Kwa hiyo twafahamu sababu ya ubani kutajwa pamoja na dhahabu.

Kabla yake, Herodotus alisimulia kwamba miti ya ubani ililindwa na nyoka wenye mabawa, nao walifukuzwa kwa moshi tu. Hadithi za namna hii ziliwafaa sana wenye kuuza: kadiri mti ulivyoogopwa, ndivyo bei ilivyopanda.

Upande wa mashariki nako madaraja yaliwekwa. Mwaka 1225 Zhao Rugua, msimamizi wa ushuru wa bandari ya Quanzhou katika Uchina, aliandika kitabu cha habari za nchi za kigeni. Ndani yake mna habari za nchi ya Zanji pia, na pembe zake za ndovu. Kuhusu ubani apanga madaraja mengi. Juu kabisa aliweka punje za mviringo, kubwa kama ncha ya kidole, zilizochaguliwa moja moja. Chini yake, ubani uliowekwa katika vyungu, kisha uliotiwa katika mifuko. Kisha uliochanganyika na mchanga. Kisha uliogeuka mweusi, na ule ulioloweshwa na maji chomboni, na mwisho vumbi lililopepetwa. Angalieni kwamba madaraja hayo hayaonyeshi tofauti za mti, bali yaonyesha safari: kila daraja la chini ni daraja la juu lililoharibika njiani. Mnunuzi wa leo na akumbuke neno hili.

Shahidi wa mwisho ni Ibn Battuta, ambaye pwani yetu yamjua. Mwaka 1331 alitoka Kilwa akasafiri kwa bahari hata Zafari, yaani Dhufari, nchi yenyewe ya ubani. Huko Hasik, mashariki ya Dhufari, aliona miti hiyo, akaandika kwamba jani lake likikatwa hutoka maji kama maziwa, yakaganda yakawa ubani. Hapa amekosea kidogo, maana kinachokatwa ni gome la mti, si jani. Lakini aliona sawasawa kwamba utomvu unapotoka ni mweupe kama maziwa. Na ndiyo maana ya jina lake.

III. MITI YENYEWE

Wataalamu wa mimea huiita jamaa ya miti hii Boswellia. Katika mwaka 1844 hata 1846 daktari Henry John Carter alikuwa katika meli Palinurus iliyopima pwani ya Arabuni, akauona mti wa ubani na kuueleza. Baada yake wataalamu waliutenga mti kwa mti. Twataja ile tu ambayo utomvu wake huuzwa.

Wa kwanza ni Boswellia sacra, wa Dhufari na Hadhramauti, pamoja na kaskazini ya nchi ya Wasomali. Mti wa Somalia uliitwa zamani Boswellia carteri, kwa jina la yule daktari. Mwaka 1987 wataalamu wa mimea waliamua kwamba miti hii miwili ni mmoja; mwaka 2012 wengine waliopima mafuta yake wakasema kwamba mafuta ya Arabuni hugeuza mwanga upande mmoja, na ya Somalia upande wa pili, kwa hiyo yafaa itengwe. Mabishano hayo ni ya wataalamu. Kwa mnunuzi yatosha kujua kwamba ni ndugu wa karibu sana. Harufu yake ni safi, ina ukali wa msonobari na ya limau kidogo. Wasomali huuita ubani huo beeyo.

Wa pili ni Boswellia frereana, ambao ubani wake Wasomali huuita maydi. Mti huu hupenda majabali matupu, na chini ya shina lake hufanya kitako kipana kilichoshikamana na jiwe kama kilichogandishwa. Miti hiyo ni mali ya koo, nayo hurithiwa. Punje za maydi zaweza kuwa kubwa sana, na zile kubwa zing'aazo huitwa mushaad, daraja la juu kabisa. Maydi ina tabia ya pekee: karibu haina gundi ya kuyeyuka katika maji, bali ni utomvu wa mafuta mtupu, kwa hiyo hulainika kinywani wala haiishi. Ndiyo sababu nyingi hupelekwa Arabuni kutafunwa, na Kanisa la Wakopti wa Misri huifukiza.

Wa tatu ni Boswellia papyrifera, wa Ethiopia, Eritrea na Sudani. Jina lake lataja gome lake libambukalo kama karatasi. Ubani wake hutumika katika makanisa ya Ethiopia, na nyumbani humo hufukizwa wakati wa kupika kahawa. Na sehemu kubwa ya ubani ufukizwao katika makanisa ya ulimwengu hutoka katika mti huu. Mafuta yake yana harufu ya matunda, kama ganda la chungwa, tofauti kabisa na ile ya Dhufari.

Wa nne ni Boswellia serrata wa Bara Hindi, ambao Wahindi huuita salai. Utomvu wake ni laini na wa kunata, rangi yake ya dhahabu. Hutumika katika vijiti vya kufukiza na katika dawa za Kihindi.

Wa tano twautaja kwa sababu ni wa nyumbani. Boswellia neglecta huota katika nchi kavu za Kenya ya kaskazini, na Ethiopia ya kusini, nchi ya Waborana. Maana ya neglecta ni uliosahauliwa. Utomvu wake mara nyingi hutoka wenyewe, nao huwa mweusi au wa kahawia. Wachungaji wa mifugo huuokota wakati wa ukame, wakapata fedha kidogo. Harufu yake ni nzito, ya mti na ya udongo. Muuzaji akiuita ubani mweusi, asidhaniwe kuwa mdanganyifu: ni ubani wa kweli, ila si ule wa Dhufari.

Visivyo ubani ni hivi. Manemane ni utomvu wa mti mwingine, rangi yake nyekundu nyeusi, ladha yake chungu sana. Udi si utomvu, bali ni mti wenyewe wenye mafuta ndani, utokao Bara Hindi na nchi za mashariki yake. Na sandarusi, ambayo karne ya kumi na tisa ilipelekwa kwa wingi kutoka Unguja kwenda kutengenezwa vanishi, hutoka katika msandarusi wa pwani yetu. Nyingi ya hiyo ilichimbwa ardhini, ikiwa imekaa humo miaka mingi. Nayo huwaka na kunukia, kwa hiyo hupachikwa katika magunia ya ubani.

IV. MADARAJA YA DHUFARI

Mti wa ubani hugemwa, kama mnazi ugemwavyo tembo, ila hukatwa gome na si karara. Chombo chake katika Dhufari huitwa manqaf. Mgema hukwangua gome mahali kadhaa. Utomvu mweupe hutoka, ukaganda. Ule wa kwanza ni hafifu, hauthaminiwi. Baada ya majuma mawili hivi hukwangua tena mahali pale pale, na ubani ulio bora hutoka katika mikato inayofuata.

Watu wa Dhufari huupanga ubani wao kwa mahali mti uliposimama. Bora huitwa hojari, wa upande wa mashariki na nyuma ya milima. Punje zake ni nyeupe au zina kijani kidogo. Wafuata najdi, wa uwanda mkavu wa kaskazini. Kisha shazri, wa milimani. Na mwisho sha'bi, wa karibu na pwani, wenye rangi nyeusi zaidi. Sababu ni upepo wetu wa kusi. Upepo ule ule usukumao majahazi kutoka Unguja kwenda Arabuni hufika Dhufari na ukungu na manyunyu, ukaivika milima ya Salala majani mabichi. Mti upatao baridi ya kusi bila kuloweshwa na mvua yake hutoa ubani ulio mkavu na safi. Mti uloweshwao hutoa ulio hafifu. Unesco iliziandika nchi hizo katika urithi wa dunia mwaka 2000, pamoja na magofu ya bandari za Khor Rori na Al-Baleed.

V. NJIA ZA KUPIMA

Dioscorides, mganga Myunani wa karne ya kwanza, alifundisha kwamba ubani hughushiwa kwa gundi na kwa utomvu wa msonobari, akaonyesha kupima kwa moto: gundi haitoi mwali, utomvu wa msonobari huishia katika moshi, bali ubani huwaka. Kwa kufuata njia yake na maarifa ya baadaye, mnunuzi na afanye hivi.

Kwanza atazame. Ubani mzuri ni punje zilizotengana, zenye vumbi jeupe juu yake, na ndani zina ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji. Punje inayoonekana ndani na nje kama kioo cha manjano na ashuku kuwa sandarusi, ila kama anunua maydi.

Pili avunje na kutafuna punje moja. Ubani wa Dhufari au wa Ethiopia huvunjika kwanza kama unga, kisha hushikana ukawa mweupe na laini. Sandarusi haikubali kulainika. Utomvu wa msonobari huganda menoni kwa namna ya kuudhi.

Tatu asage kidogo na kutia maji. Ubani wenye gundi ndani yake hufanya maji kuwa meupe kama maziwa. Jina la luban hudhihirika machoni. Sandarusi hukaa chini kama mchanga. Maydi nayo haifanyi maziwa, kwa sababu tulizozitaja. Kwa hiyo asiikatae kwa kipimo hiki peke yake.

Nne aweke punje juu ya kaa la moto. Ubani huyeyuka, hutoa povu na moshi mweupe wenye harufu safi. Ukitoa moshi mweusi wa masizi na harufu ya lami, umechanganywa na utomvu wa msonobari. Ukiungua kama mkate, bila harufu, ni gundi ya mgunga.

VI. KUCHAGUA

Swali, Ubani bora ni upi? halina jibu mpaka tuulize, Kwa kazi gani?

Kwa chetezo cha kanisa hakuna haja ya kununua punje kubwa nyeupe. Hizo huuzwa ghali kwa uzuri wake wa macho, nao moto hautazami sura. Punje za ukubwa wa choroko au mbaazi, za daraja la kati, zilizo kavu na bila magome, hutoa moshi mzuri na huyeyuka sawasawa. Kanisa dogo lenye mwanga mchache na wazee wengi lifukize kidogo, juu ya makaa yaliyokwisha kushika vizuri. Maana kikohozi cha waumini mara nyingi hutoka katika makaa mabichi kuliko katika ubani.

Kwa nyumba, kila mtu afuate pua yake: atakaye harufu safi na kavu, achukue wa Dhufari au beeyo; atakaye tamu ya matunda, wa Ethiopia; atakaye nzito, ule mweusi wa Waborana. Katika chumba cha mtoto mchanga tusifukize kabisa. Kwa kutafuna, maydi. Kwa nguo na nywele, desturi ya pwani ni udi, nasi hatuna sababu ya kuibadili.

Watu wengi huloweka hojari usiku na kunywa maji yake asubuhi kwa kifua au kwa tumbo. Ni desturi ya zamani ya Arabuni. Lakini ubani uliokusudiwa kufukizwa huweza kuwa na vumbi, rangi au harufu za kutiwa, usinywewe. Wala mgonjwa asiache dawa ya hospitali kwa ajili yake.

Kwa darasa, twawashauri walimu wanunue kidogo kidogo: punje chache za ubani, kipande cha manemane na kipande cha sandarusi. Mwanafunzi aliyekwisha kuona maji yakigeuka maziwa hatasahau maana ya jina, wala hatachanganya tena ubani na uvumba.

VII. JAMBO LA KUOGOPEWA

Mpaka hapa tumesema juu ya kuchagua kwa ajili ya mnunuzi. Iko hesabu nyingine, ya mti wenyewe. Mwaka 2006 uchunguzi wa miti ya papyrifera katika Eritrea ulionyesha kwamba mbegu za miti iliyogemwa sana ziliota asilimia 16 tu, na za miti isiyogemwa zaidi ya asilimia 80. Mwaka 2019 uchunguzi mkubwa zaidi wa mti huo huo ulitangazwa: katika misitu mingi miti michanga haionekani kwa miaka mingi, kwa sababu ya mifugo ilayo miche, mioto na kugema kupita kiasi, nao ulikadiria kwamba ubani wake waweza kupungua nusu katika muda wa miaka 20. Mgema ajuaye kazi yake hukata mahali pachache na kuupumzisha mti. Bali mgema mwenye njaa, au mwenye kuajiriwa kwa msimu mmoja, hukata kila mahali, maana mwaka ujao mti si wake.

Kwa hiyo muuzaji na aulizwe maswali mawili: ubani huu ni wa mti gani, na umetoka wapi? Ajuaye kujibu, yaelekea amenunua kwa watu anaowajua. Asiyejua na auze kwa bei ya asiyejua. Katika Torati mikate ya wonyesho iliwekewa ubani safi, wala si wingi wa ubani. Nasi twaona kwamba kidogo kilichochaguliwa kwa maarifa chatosha kanisa, nyumba na darasa, na mti nao ukapata kupona jeraha lake.